Padres ya San Diego: Tatis alifungiwa mechi 80, lakini kikosi kilibomokea ofisini

Mtazama Alfajiri ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Sisi wachache tunaofuatilia besiboli ya Marekani, ambao mpira wa kwanza ukirushwa Petco Park jioni ya kwao huku kwetu ni saa kumi na dakika arobaini alfajiri, tumeumaliza msimu wa 2025 kwa kilio kile kile. Timu imeshinda mechi 90 kati ya 162, imetolewa na Chicago Cubs katika raundi ya kwanza ya mchujo kwa mechi mbili kwa moja, imepata pointi tano tu katika mechi zote tatu, na tangu hapo kila mjadala kuhusu Padres unarudi kwa Fernando Tatis Jr. na dawa iliyokutwa mwilini mwake mwaka 2022. Mimi nasema tunamwonea. Kosa alifanya na adhabu aliistahili, lakini kilichotunyima ubingwa si zile mechi 80. Ni namna kikosi kilivyojengwa na A.J. Preller, mtendaji anayesajili wachezaji, mtu ambaye hatujawahi kumhoji kwa ukali huo huo.

Niwakumbushe mtiririko wenyewe. Februari 2021 Padres walimpa Tatis mkataba wa miaka 14 wenye thamani ya dola milioni 340, akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka huo huo akapiga homurani 42, yaani mikwaju 42 iliyovuka ukuta wa uwanja, akaongoza Ligi ya Taifa nzima (moja ya nusu mbili za ligi kuu), japokuwa bega lake la kushoto lilikuwa likimtoka mara kwa mara. Kipindi cha mapumziko akapata ajali ya pikipiki kwao Jamhuri ya Dominika, akavunjika kifundo cha mkono, na kwa kuwa wamiliki walikuwa wamewafungia wachezaji nje kwa mgogoro wa mkataba wa pamoja, klabu haikuruhusiwa hata kumpigia simu kumjulia hali. Alifanyiwa upasuaji Machi 2022. Agosti 12, akiwa anakaribia kabisa kurejea uwanjani, ligi ikatangaza kwamba amepatikana na klostebol, aina ya steroidi, na amefungiwa mechi 80. Alieleza kwamba alikuwa anatibu choa kwa dawa ambayo hakuikagua ina nini ndani, akaiondoa rufaa yake, akaomba radhi.

Sasa tazameni hesabu ambayo watu hawapendi kuitazama. Mwaka 2022 Tatis hakucheza hata mechi moja ya ligi. Timu ilishinda mechi 89, ikaitoa New York Mets, kisha ikaitoa Los Angeles Dodgers iliyokuwa imeshinda mechi 111, tena usiku ule wa mvua wa Oktoba 15 tukiwa nyuma kwa pointi tatu bila, zamu ya saba kati ya tisa tukapata pointi tano na kumaliza mambo. Tulifika fainali ya Ligi ya Taifa tukafungwa na Philadelphia. Nafasi yake ya mlinzi kati ya kituo cha pili na cha tatu aliishika Ha-Seong Kim, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka 2023 Tatis alirejea Aprili 20. Wakati huo tulikuwa na Juan Soto, Manny Machado, na Xander Bogaerts aliyesajiliwa kwa miaka 11 na dola milioni 280. Jumla ya mishahara ilikuwa kama dola milioni 250, ya tatu kwa ukubwa katika ligi. Matokeo yake ni ushindi wa mechi 82 na vipigo 80, na mchujo tukauangalia kwenye televisheni. Katika mechi zilizoamuliwa kwa pointi moja tulishinda 9 tukapoteza 23, na zilizokwenda zamu za nyongeza tulishinda 2 tukapoteza 12. Timu iliyowazidi wapinzani wake kwa pointi zaidi ya 100 kwa msimu mzima inawezaje kupoteza namna hiyo? Wapo wanaosema ni bahati mbaya, na sehemu fulani ni bahati kweli. Lakini mechi ya pointi moja huamuliwa na mtu wa nane na wa tisa katika orodha ya wapigaji, na mrushaji wa akiba anayeingia zamu ya saba, na mpigaji anayetoka benchi. Huko ndiko hatukuwa na mtu. Mpigaji wetu maalumu alikuwa Nelson Cruz, mwenye umri wa miaka 43, aliyeachwa Julai.

Nisitafsiriwe vibaya: sitetei dawa. Nasema adhabu ilitolewa, ikatumikiwa, ikaisha, na aliyerejea alihamishiwa uga wa kulia, mahali ambapo hakuwa na uzoefu mkubwa, akashinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora, mwaka ule ule na tena 2025. A.J. Preller anayekijenga kikosi hiki tangu Agosti 2014 adhabu yake iko wapi?

Mkimbiaji wa Iten ameandika:

Mkuu, nimekusoma kwa makini, na sehemu ya kikosi nakuachia wewe na wenzako. Nitasema juu ya dawa kwa sababu huku Bonde la Ufa tumezoea kuhesabu adhabu kwa miaka, si kwa mechi. Mechi 80 ni nusu ya msimu mmoja. Mwanariadha wetu akikutwa na steroidi, pa kuanzia ni miaka minne, na maelezo kwamba alipaka dawa bila kujua humpunguzia tu akiweza kuthibitisha. Ruth Chepngetich, aliyekimbia marathoni ya Chicago mwaka 2024 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, amefungiwa miaka mitatu Oktoba 2025 kwa dawa ya kuongeza mkojo, na mwaka mmoja alipunguziwa kwa sababu alikubali mapema. Kwa mkimbiaji wa umri wa miaka 31, miaka mitatu ni sehemu kubwa ya kilichobaki. Tatis alikosa mechi 48 za mwisho za 2022, ambazo nusu yake huenda angezicheza akichechemea, akakosa 12 za mchujo na 20 za kwanza za 2023, na mkataba wake unaendelea kumlipa hadi 2034.

Kuna jambo jingine kuhusu klostebol yenyewe. Mcheza tenisi Jannik Sinner alikutwa nayo mara mbili Machi 2024. Mtu wa kumkanda alikuwa amejipulizia dawa ya kidonda kidoleni, kisha akamkanda bila glavu. Jopo la kwanza likasema hana kosa lolote, shirika la kimataifa la kupambana na dawa likakata rufaa, na Februari 2025 wakakubaliana kwenye miezi mitatu. Dawa ni ile ile. Mmoja amepata miezi mitatu, mwingine mechi 80, na kijana wa Eldoret asiye na wakili angeweza kupata miaka minne kamili. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kanuni za besiboli ni kali. Kanuni hizo zimetungwa mezani baina ya wamiliki na chama cha wachezaji, na kinachotungwa mezani hubeba sura ya waliokaa mezani.

Bluu ya Los Angeles ameandika:

Habari zenu majirani. Nimekuja kwa amani, ingawa najua shabiki wa Dodgers hakaribishwi chai katika nyumba hii.

Mtoa mada anataka kumtoa Tatis kwenye lawama kwa hoja kwamba timu ilifanya vizuri bila yeye. Hoja hiyo inakata kuwili. Kama mnafika fainali ya Ligi ya Taifa bila yeye na mnakosa mchujo mkiwa naye, basi dola milioni 340 zilinunua nini? Homurani zimeshuka kutoka 42 hadi 25 mwaka 2023, 21 mwaka 2024 alipoumia paja, na 25 tena mwaka 2025. Mtu mwenye macho anajiuliza swali ambalo nyinyi hamtaki liulizwe. Rekebisheni kanuni: mchezaji akipatikana na steroidi, klabu iwe na haki ya kuuvunja mkataba. Hapo ndipo kila mmoja ataisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa kabla ya kujipaka.

Na juu ya Preller, mimi namtakia maisha marefu kazini. Katika miaka yake yote San Diego haijatwaa ubingwa wa kundi lake katika msimu kamili hata mara moja. Juni 2015 alipomfukuza meneja Bud Black, mechi moja ilisimamiwa na msaidizi aliyekuwa hapo hapo benchini kwenu, Dave Roberts. Mkamwacha aondoke. Sisi tukamchukua kuwa meneja, na mataji yake mnayajua.

Binti wa Kisauni ameandika:

Kaka wa Los Angeles, chai utapewa, sukari ndiyo hatukuahidi.

Naomba nimtetee Preller kidogo, kwa sababu mtoa mada amemchora kama mtu aliyeamka asubuhi akaanza kugawa hela. Aliyezitoa zile fedha ni mmiliki wetu, marehemu Peter Seidler. San Diego ni soko dogo la televisheni, limebanwa na Los Angeles upande wa kaskazini, mpaka wa Meksiko upande wa kusini, bahari upande mmoja na jangwa upande mwingine, na tangu timu ya futiboli ya Kimarekani, Chargers, ihame mwaka 2017, jiji lilibaki na klabu moja tu kubwa. Seidler aliamua kwamba jiji la namna hiyo likipewa timu ya kujivunia litajaza uwanja. Mwaka 2025 watazamaji wa Petco Park walikuwa zaidi ya milioni 3.4, ambayo ni rekodi ya klabu tangu ianzishwe mwaka 1969. Yule mzee hakukosea. Kilichomwangusha ni kwamba mwishoni mwa Mei 2023 kampuni iliyokuwa ikinunua haki za matangazo iliacha kulipa, ligi ikachukua matangazo, na Novemba 14 mwaka huo yeye mwenyewe akafariki dunia. Hapo ndipo Soto alipouzwa kwa Yankees, mwezi uliofuata.

Sasa angalieni mauzo yale yalivyokwenda. Tulipata warushaji, akiwemo Michael King, na mmoja wa vijana waliokuja akatumika tena Machi 2024 kumpata Dylan Cease kutoka White Sox. Kinda Jackson Merrill, aliyekuwa mlinzi kati ya kituo cha pili na cha tatu, akafundishwa kucheza uga wa katikati wakati wa mazoezi ya kabla ya msimu na akaanza siku ya kwanza ya ligi akiwa na umri wa miaka 20. Mwaka huo, 2024, tulishinda mechi 93 kwa mishahara iliyopungua sana, na tukawa mbele ya Dodgers mechi mbili kwa moja katika mchujo kabla ya wapigaji wetu kuganda zamu 24 mfululizo bila pointi hata moja. Mtu anayeweza kuiuza nyota ya timu na mwaka unaofuata akashinda mechi 11 zaidi si mjinga.

Lakini nakubaliana na mtoa mada kwenye benchi. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa hapa. Mchezaji wetu bora wa kushtukiza wa 2024 alikuwa Jurickson Profar, aliyesajiliwa kwa dola milioni moja ya msingi, akapiga homurani 24 na kuitwa kwenye mechi ya nyota. Atlanta wakampa miaka mitatu kwa dola milioni 42 Januari 2025. Machi 31, ligi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, akafungiwa mechi 80 kwa homoni ya hCG. Wengi wetu tulipumua kwa kuwa alikuwa ameshaondoka. Mimi sikupumua, kwa sababu ule msimu tulioushangilia ulikuwa wetu. Kipimo kilichomkamata si cha 2024, na sina haki ya kusema alikuwa akitumia akiwa kwetu, ila sina tena amani ya kuutazama upya mkwaju wake wowote.

Mtazama Alfajiri ameandika:

Nashukuru kwa michango. Nianze na kaka wa Los Angeles na pendekezo lake la kuvunja mikataba, kwa maana ni pendekezo ambalo kila shabiki mwenye hasira hulitoa na ni wachache wanaolifuata hadi mwisho wake.

Chini ya makubaliano ya sasa, kosa la kwanza ni mechi 80, la pili ni mechi 162, la tatu ni kufungiwa maisha. Mchezaji halipwi kwa muda wote wa kifungo, haruhusiwi kucheza mchujo wa mwaka huo hata kama kifungo kimekwisha, na klabu hairuhusiwi kumwongezea adhabu yake binafsi juu ya ile ya ligi. Sharti hilo la mwisho ndilo watu hulichukia, nami ndilo ninalolitetea. Ichukueni klabu yenye mchezaji wa miaka 37, goti limechoka, mkataba umebakiza miaka mitatu na mamilioni ya dola. Sampuli yake ya mkojo ikirudi na dosari, mmiliki atalia au atashangilia? Hatuhitaji kubuni mfano. Robinson Canó alifungiwa mechi 80 mwaka 2018 akiwa Seattle, kisha Novemba 2020 akiwa New York Mets akafungiwa msimu mzima wa 2021. Mets wakaokoa zaidi ya dola milioni 20 kwa msimu huo, na Januari 2021 wakamleta Francisco Lindor. Sisemi kwamba walimfurahia mtu kuanguka. Nasema kwamba kanuni inayomlipa mmiliki pale mchezaji wake anapoharibikiwa inampa sababu ya kutokuwa mwangalifu. Mkiongeza na haki ya kuuvunja mkataba mzima, madaktari wa klabu, ambao ndio wanaopaswa kumwambia kijana wa Dominika kwamba dawa fulani ya choa ina steroidi, watakuwa wanafanya kazi kwa mwajiri anayenufaika wasipomwambia.

Zaidi ya hapo, mkataba wa Tatis ulipangwa kwa ngazi. Mwaka 2022 alistahili dola milioni 5, mwaka 2023 milioni 7, na milioni 36 kwa mwaka zitaanza 2029. Kwa hiyo kifungo kilimkuta katika miaka ya mshahara mdogo, na alichokosa ni dola milioni chache tu. Hapo Mkimbiaji wa Iten ana hoja kamili: adhabu inayohesabiwa kwa mechi humuuma kila mtu kwa kiasi tofauti, kutegemea mkataba wake uko ngazi ya ngapi. Mimi ningependa faini ihesabiwe kwa wastani wa mkataba mzima, na fedha zisirudi kwa mmiliki. Ziende kwenye vituo vya kulea vipaji kama kile chetu cha Najayo kule Dominika, ambako vijana huingia wakiwa na umri wa miaka 16, wengi wao wakiwa wamepitia mikononi mwa mawakala wa mitaani ambao hakuna ajuaye waliwachoma sindano ya nini.

Kuhusu homurani kushuka, kaka, bega lilifanyiwa upasuaji, na kifundo cha mkono kilifanyiwa upasuaji mara mbili. Klostebol inaweza kuwa sababu, na viungo vinavyoshika rungu vinaweza kuwa sababu. Wewe umechagua moja bila kunionyesha kwa nini umeiacha nyingine.

Sasa Preller. Dada yangu wa Kisauni, utetezi wako ni mzuri na kuhusu Seidler sina la kupinga. Lakini nakuomba uyatazame majina. Mei 2022 Mets walipomwachia Canó, aliyekuwa ameshafungiwa mara mbili, ni Preller aliyemchukua. Akacheza mechi 12, akapata mapigo 3 kati ya 33, akaachwa. Mwaka 2023 akamleta Cruz, aliyekuwa amefungiwa mechi 50 mwaka 2013 katika kashfa ya Biogenesis, kliniki ya Florida iliyowauzia wachezaji dawa hizo, kashfa ile ile iliyomkumba na Everth Cabrera wetu. Sina tatizo na mtu aliyetumikia adhabu kupewa kazi, maana nikiwa na tatizo hilo itabidi nimkatae Tatis pia. Tatizo langu ni kwamba timu inayomlipa mtu mmoja milioni 25 na zaidi inajazia benchi kwa majina ya wazee waliokuwa nyota zamani, kwa matumaini kwamba jina litapiga mpira.

Na adhabu yake tunayo kwenye kumbukumbu. Septemba 2016 ligi ilimsimamisha Preller siku 30 bila malipo kwa kutotoa taarifa kamili za kitabibu za mrushaji Drew Pomeranz aliyemuuza Boston. Siku 30, tena nyingi zikiangukia mwishoni mwa msimu ambapo muda wa kubadilishana wachezaji ulikuwa umeshapita. Mchezaji anayesema hakuisoma dawa yake tunamwita mwongo hadi leo. Kiongozi ambaye ofisi yake iliificha klabu nyingine taarifa za dawa za mchezaji tumemsamehe kabla ya Krismasi.

Bluu ya Los Angeles ameandika:

Hoja ya Canó nimeikubali. Sikuwa nimeitazama kwa upande wa mmiliki. Kwenye bega sikubali, ila tuliache. Swali langu moja: kama unasema benchi ndilo tatizo, mwaka 2025 benchi lilikuwa tofauti?

Binti wa Kisauni ameandika:

Lilikuwa afadhali baada ya Julai 31, na hata hivyo bei yake inanisumbua. Siku ile Preller alimpata Mason Miller kutoka Athletics, mrushaji wa akiba ambaye mpira wake unapita maili 100 kwa saa, pamoja na J.P. Sears. Akatoa vijana wanne, akiwemo Leo De Vries wa miaka 18, ambaye kila mtu alimhesabu miongoni mwa chipukizi bora kabisa wa ligi. Miller alikuja akafanya kazi yake. Lakini tulimaliza tukiwa miongoni mwa timu zilizopiga homurani chache zaidi, na Wrigley Field, uwanjani kwa Cubs, mlituona: mrushaji wao akirusha, sisi tunagusa gusa. Zamu ya tisa ya mechi ya tatu Merrill akavusha ukuta, moyo ukarudi, kisha Bogaerts akahukumiwa kwa mpira uliopita chini ya goti lake. Nilizima simu. Mwamuzi alikosea, ndiyo, ila timu inayosubiri zamu ya tisa kupata pointi yake ya kwanza haina wa kumlalamikia.

Nikumbushe tu kwamba mwaka 2022 tuliwatoa vijana wa aina hiyo hiyo kwa ajili ya Soto: C.J. Abrams, MacKenzie Gore na James Wood, ambao wote watatu wameshaitwa kwenye mechi ya nyota wakiwa Washington. Soto mwenyewe yuko Mets kwa dola milioni 765.

Mkimbiaji wa Iten ameandika:

Naona mmerudi kwenye kikosi, nami nina la mwisho kuhusu dawa, kwa sababu linawahusu San Diego kuliko klabu nyingi. Ken Caminiti alishinda tuzo ya mchezaji bora wa Ligi ya Taifa mwaka 1996 akiwa na jezi yenu, kwa homurani 40. Mwaka 2002 akawa nyota wa kwanza mkubwa kukiri hadharani kwamba alitumia steroidi mwaka ule. Wakati huo ligi haikuwa hata na vipimo kwa wachezaji wa timu kubwa. Vipimo vya kwanza, vya kuchunguza ukubwa wa tatizo tu, vilifanyika 2003. Adhabu za mechi 50, 100 na maisha zikaja msimu wa 2006 baada ya Bunge la Marekani kuwaweka kitimoto. Na hizi za sasa ni za 2014. Caminiti alifariki Oktoba 2004 akiwa na miaka 41, na mwaka 2016 klabu ikamwingiza katika ukumbi wake wa heshima. Nadhani walifanya sawa. Aliyesema ukweli kabla ya kulazimishwa na maabara anastahili hesabu yake tofauti.

Nalitaja hilo kwa sababu makubaliano ya sasa yanamalizika Desemba 1, 2026. Mara iliyopita, kati ya Desemba 2, 2021 na Machi 10, 2022, wamiliki walipowafungia wachezaji nje, vipimo vilisimama kabisa kwa sababu mkataba unaoviruhusu ulikuwa umekufa. Karibu siku 100 za majira ya baridi, kipindi ambacho mtu hujenga misuli, hakuna aliyepimwa. Katika riadha, mtu wa vipimo angegonga mlango wako saa kumi na moja alfajiri siku ya Krismasi. Chama cha wachezaji na wamiliki watagombania ukomo wa mishahara hadi watoane jasho, na suala la vipimo kuendelea wakati wa mgogoro halitakuwa na wakili upande wowote wa meza.

Mtazama Alfajiri ameandika:

Hilo la vipimo kusimama nililisahau kabisa, na ni zito kuliko mechi 80 zote tulizobishania, maana linawagusa watu wote kwa wakati mmoja. Kipengele cha kuvitenganisha vipimo na mkataba wa mishahara kingeandikwa kwa mistari miwili, na sioni ni nani angekipinga hadharani.

Nikirudi nyumbani: meneja Mike Shildt alistaafu Oktoba 2025 baada ya misimu miwili na ushindi wa mechi 183, na nafasi yake amepewa Craig Stammen, mrushaji wetu wa akiba hadi 2022, mtu anayeheshimika ambaye kabla ya hapo hakuwa amewahi kuwa meneja wa timu popote. Ukiacha wale wa kushikilia kwa muda, huyu ni wa tano kuajiriwa na Preller: Andy Green, Jayce Tingler, Bob Melvin, Shildt, sasa Stammen. Bud Black alikuwepo tayari Preller alipofika. Kwa upande wa warushaji, Cease amekwenda Toronto, Yu Darvish hatacheza 2026 kwa ajili ya kiwiko, King amebakizwa. Familia ya Seidler nayo ilitangaza Novemba 2025 kwamba inatafakari kuiuza klabu. Mnunuzi atakuta wachezaji watatu, Tatis, Machado na Bogaerts, wenye mikataba inayofika 2033 na zaidi, na shamba la chipukizi lililovunwa kabla ya msimu wa mavuno.

Anayetaka kuanza na Tatis aanze, ila kwa umri wake ndiye pekee kati ya hao watatu ambaye mnunuzi yeyote angemtaka hata kama angekuwa huru kumkataa. Mimi ningeanza kwa kumuuliza Preller, kwa maandishi, nani atapiga mpira akitokea benchi zamu ya nane dhidi ya mrushaji wa mkono wa kushoto. Machado atakuwa amechoka, Bogaerts atakuwa na mgongo, na mwezi utakuwa Septemba.